Makarani wa London na Wachungaji wa Kenya

Mafundisho ya Profesa Geoffrey Rose juu ya shinikizo la damu

Shinikizo la damu ni adui asiyebisha hodi. Mwenye malaria hutetemeka, mwenye kidonda huona usaha, na mwenye jino bovu hukosa usingizi. Lakini mtu mwenye shinikizo kubwa la damu aweza kulima shamba lake, au kukaa mezani pake ofisini, kwa muda wa miaka kumi pasipo kusikia maumivu yo yote. Siku moja mkono wafa ganzi, mdomo waenda upande, na maneno yamkwama kinywani. Hapo ndipo jamaa zake husema kwamba ugonjwa umemjia kwa ghafula, na wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Kumbe ugonjwa huo haukuja kwa ghafula hata kidogo. Ulikuwa ukijengwa pole pole, siku baada ya siku, kama mchwa walavyo nguzo ya nyumba kwa ndani huku rangi ya nje ikingali nzuri.

Miongoni mwa wataalamu waliofanya kazi kubwa ya kumfichua adui huyu alikuwa daktari mmoja Mwingereza, jina lake Geoffrey Rose. Alizaliwa mwaka 1926, akafariki mwaka 1993. Kazi yake ilimfunga na watu wa namna mbili walio mbali sana: makarani wa Serikali katika mji wa London, na wachungaji na wakulima wa nchi ya Kenya. Kwa kuwalinganisha watu hao, aliuliza swali ambalo madaktari wengi walikuwa hawajaliuliza, na jibu lake lamhusu kila mtu anayekula chumvi.

ELIMU YA MARADHI YA WATU WENGI

Daktari wa kawaida humtazama mgonjwa mmoja. Humwuliza habari zake, humpima, kisha humpa dawa. Lakini iko elimu nyingine ya uganga, iitwayo epidemiolojia, ambayo huutazama umati mzima wa watu. Mwenye elimu hiyo huuliza: Ni akina nani wapatao ugonjwa huu? Ni akina nani wasioupata? Wanakaa wapi, wanakula nini, wanafanya kazi gani? Kazi yake yafanana na ile ya mkulima anayeona mahindi yamenyauka upande mmoja wa shamba tu. Mkulima mwenye akili hatazami hindi moja peke yake. Hutazama udongo, maji na mbegu za upande ule, akaulinganisha na upande uliostawi.

Rose alisoma Oxford na katika hospitali ya St Mary's, London, akawa mganga wa wagonjwa wa moyo na wa shinikizo la damu. Baadaye, mwaka 1977, akawa profesa wa epidemiolojia katika London School of Hygiene and Tropical Medicine. Alijua mambo ya wodini na mambo ya hesabu pia, naye aliona kwamba moja bila ya jingine halitoshi.

Tangu mapema alitambua ya kuwa hesabu haziwezi kuwa na maana kama kila mpimaji anapima kwa namna yake. Mwaka 1962 alitoa orodha ya maswali ya kuwauliza watu juu ya maumivu ya kifua: Je, unasikia maumivu kifuani? Yanakuja unapopanda mlima au unapokwenda kwa haraka? Ukisimama, yanaondoka? Yanaondoka katika muda wa dakika 10? Maswali yale yale, kwa maneno yale yale, yaliweza kuulizwa katika kijiji cho chote, nayo majibu yakalinganishwa. Orodha hiyo ilienea duniani, na mpaka leo yajulikana kwa jina lake.

CHOMBO KILICHOMFICHA MPIMAJI HESABU

Yafaa kueleza kwanza jinsi damu inavyopimwa. Moyo ni pampu. Kila unapojikaza, husukuma damu katika mishipa, na damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa kama maji yanavyokandamiza mpira wa kumwagilia bustani. Mwaka 1896 mganga Mwitaliano, Scipione Riva-Rocci, alibuni ukanda wa kufunga mkononi ukitiwa upepo na kuunganishwa na zebaki. Mwaka 1905 mganga Mrusi, Nikolai Korotkoff, akaonyesha jinsi ya kusikiliza mlio wa damu mkononi wakati upepo unapopunguzwa. Hapo hupatikana hesabu mbili. Ya juu ni nguvu ya damu wakati moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu yake wakati moyo unapopumzika. Kwa kawaida, mtu mzima ambaye hesabu zake, zikipimwa siku mbalimbali, hufika 140 juu au 90 chini, au kupita hapo, huhesabiwa kuwa na shinikizo kubwa.

Lakini hata daktari mwaminifu aweza kujidanganya. Wapimaji wengi hupenda hesabu zinazoishia na sufuri. Tena, akijua kwamba mtu anayefika 140 ataandikwa kuwa mgonjwa, mpimaji aweza kuona 138 bila ya kukusudia, kwa sababu amhurumia kijana aliye mbele yake. Mwaka 1964 Rose na wenzake walitangaza chombo kipya cha kuondoa kasoro hiyo. Zebaki ilifichwa isionekane wakati wa kusikiliza. Mpimaji aliposikia mlio alibonyeza kifungo, na zebaki ikabaki pale ilipofika. Hesabu yenyewe aliisoma baada ya kazi kwisha. Hivyo sikio lake halikuweza kushawishiwa na jicho lake.

Huenda msomaji akaona jambo hili ni dogo. Lakini karani wa duka ajuaye mizani anafahamu kwamba mzani ukipotea kidogo katika kila ratili, mwisho wa mwaka hesabu yote huharibika.

MATARISHI NA WAKUBWA WAO

Kuanzia mwaka 1967, Rose na wenzake walianza kuwapima watumishi wa Serikali waliofanya kazi katika ofisi za London. Uchunguzi huo uliitwa Whitehall, kwa jina la mtaa wenye ofisi hizo. Wanaume karibu 18,000 walipimwa damu, uzito, sukari na mafuta ya damu, na kuulizwa juu ya kuvuta sigara. Kisha jina la kila mmoja likawekwa, na miaka ilipopita ikatazamwa ni nani aliyefariki, na kwa ugonjwa gani.

Watu wengi wakati huo waliamini kwamba ugonjwa wa moyo ni ugonjwa wa wakubwa, yaani wale wenye madaraka mazito na meza zilizojaa barua. Hesabu zilionyesha kinyume chake. Mwaka 1978 ilitangazwa kwamba, katika muda wa miaka saba na nusu, matarishi na watu wengine wa daraja la chini kabisa walikuwa wamekufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo mara 3.6 kuliko wakubwa wa daraja la juu. Wala haikuwa hivyo kwa matarishi peke yao. Kila ngazi iliyoshuka, vifo viliongezeka. Karani alikuwa katika hatari kuliko mkubwa wake, na tarishi katika hatari kuliko karani.

Wale wa daraja la chini walivuta sigara zaidi, walikuwa wazito zaidi kwa kimo chao, na shinikizo la damu yao lilikuwa kubwa zaidi. Hata hivyo, mambo hayo yote yalipotolewa katika hesabu, bado tofauti kubwa ilibaki. Maisha yenyewe ya mtu, kazi yake na cheo chake, yalikuwa yakiingia katika moyo wake. Watu hao wote hawakuwa maskini wa kulala njaa. Kila mmoja alikuwa na mshahara, na ofisi yenye paa. Kwa hiyo habari hii iliwashangaza wengi, na uchunguzi wa pili wa Whitehall, ulioanza mwaka 1985 na kuwahusu wanawake pia, uliendelea kuifuatilia.

HABARI ZILIZOTOKA KENYA

Wakati makarani wa London walipokuwa wakipimwa, habari nyingine zilikuwa zimekwisha kuandikwa katika Afrika Mashariki. Mwaka 1929 Daktari C. P. Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Waafrika katika South Kavirondo, aliandika katika gazeti la waganga liitwalo The Lancet kwamba miongoni mwa wagonjwa wapatao 1,800 waliolazwa katika muda wa miaka miwili, hakumwona hata mmoja aliyetambuliwa kuwa na shinikizo kubwa la damu. Aliwapima pia watu 1,000 wenye afya. Katika Ulaya, damu ya mtu hupanda kadiri umri unavyoendelea. Lakini wazee wa South Kavirondo hawakuwa hivyo. Baada ya miaka 40, damu yao ilielekea kushuka.

Baadaye, katika miaka ya 1960, Daktari A. G. Shaper wa Makerere, Uganda, pamoja na wenzake, waliwapima wafugaji wahamaji wa kaskazini ya Kenya. Wao nao walikuwa na damu ya chini, na wazee hawakuwazidi sana vijana. Lakini Shaper aliona jambo la ajabu. Vijana wa Kisamburu walioacha maziwa na ng'ombe wao wakaandikwa jeshini, wakala chakula cha jeshi chenye chumvi nyingi, damu yao ilianza kupanda. Kijana alikuwa yule yule na ukoo wake ule ule; kilichobadilika ni maisha yake.

Jambo hilo lilikuwa na uzito mkubwa. Wengine walikuwa wakisema kwamba Mwafrika ameumbwa na damu ya namna nyingine, na kwamba ugonjwa huu haumhusu. Wengine baadaye waligeuza maneno, wakasema kwamba Mwafrika ameumbwa ili augue. Njia ya kuyapima maneno ya namna hiyo ni kuwafuata watu wa kabila moja, wengine wakibaki nyumbani na wengine wakihama.

Kazi hiyo ndiyo iliyofanywa katika miaka ya 1980 na kikosi cha wataalamu wa Kenya na Uingereza. Mkuu wa uandishi alikuwa Daktari Neil Poulter, na miongoni mwa wenzake walikuwamo Mugambi na Rose mwenyewe. Walichagua vijiji vya Wajaluo katika pwani ya kaskazini ya Ziwa Victoria, mahali ambapo damu ya watu ilikuwa ya chini. Wakawafuata watu 325 waliohamia Nairobi, na kuwalinganisha na watu 267 waliobaki vijijini. Walipima tena na tena kwa muda wa hadi miaka miwili.

Matokeo yalichapishwa mwaka 1990 katika British Medical Journal. Wahamiaji walikuwa na shinikizo la damu la juu kuliko wenzao wa nyumbani, nalo halikungoja uzee. Mkojo wao ulionyesha ya kuwa chumvi waliyokula imezidi, na madini ya potasiamu, yapatikanayo katika mboga, matunda, ndizi na maharagwe, yamepungua. Uzito wao ulikuwa umeongezeka, na mapigo ya mioyo yao yalikwenda kwa kasi zaidi. Hawakuwa wazee, wala hawakuwa walevi waliojiharibu. Walikuwa vijana waliokuja mjini kutafuta kazi, kama walivyofanya baba zao na kama wafanyavyo watoto wao.

MASWALI MAWILI YASIYOFANANA

Mwaka 1985 Rose aliandika makala iliyojulikana kote duniani, juu ya watu walio wagonjwa na mataifa yaliyo wagonjwa. Humo aliweka picha mbili za hesabu, moja juu ya nyingine. Moja ilikuwa ya damu ya wafugaji wahamaji wa Kenya, na ya pili ya damu ya makarani wa London. Picha zote mbili zilikuwa na umbo moja, kama kilima chenye mteremko pande zote mbili, maana katika kila umati wako wachache wenye damu ya chini, wengi wa katikati, na wachache wa juu. Lakini kilima cha London chote kilikuwa kimesogea upande wa juu. Haikuwa kwamba London ina wagonjwa wachache waliozidi huku wengine wote wakiwa sawa na wachungaji. Karibu kila karani alikuwa amesogezwa, hata yule aliyeambiwa na daktari wake kwamba hana neno.

Hapo Rose akaonyesha kwamba yako maswali mawili. La kwanza: kwa nini karani huyu ana damu ya juu kuliko karani mwenziwe? Jibu laweza kuwa ukoo wake au unene wake. La pili: kwa nini makarani wote wa London wana damu ya juu kuliko wachungaji wa Kenya? Jibu la swali hili haliwezi kupatikana kwa kuwatazama makarani peke yao, maana wote wanakula chakula cha namna moja na kuishi maisha ya namna moja. Samaki hajui kwamba maji yamechafuka ikiwa hajapata kuogelea mahali pengine.

Kwa hiyo mtu awezaye kuitwa mzima katika mji mmoja, aweza kuwa amekwisha kupotoka akilinganishwa na mzima wa mahali pengine. Hali iliyo ya kawaida kwa watu wengi si lazima iwe hali njema.

CHUMVI KATIKA NCHI 32

Rose alikuwa pia miongoni mwa viongozi wa uchunguzi mkubwa ulioitwa INTERSALT, uliotangazwa mwaka 1988. Watu 10,079 wa vituo 52 katika nchi 32 walipimwa damu, na mkojo wao wa saa 24 ukakusanywa ili kujua kiasi cha chumvi waliyokula. Katika vituo vinne watu walikula chumvi kidogo sana: viwili katika Brazil, kimoja katika Papua New Guinea, na kimoja katika Kenya. Katika vituo hivyo damu ilikuwa ya chini, nayo haikupanda kwa umri kama ilivyopanda katika nchi nyingine.

Matokeo hayo yalileta ubishi. Wataalamu wengine walisema kwamba, vituo vile vinne vikiondolewa, uhusiano wa chumvi na damu hauonekani wazi sana. Wenye biashara ya chumvi nao walitaka hesabu zipigwe upya. Mwaka 1996, baada ya Rose kufariki, wenzake walichapisha hesabu kwa mara ya pili, wakasimama na neno lao. Majaribio mengine yaliyofanywa baadaye, ambamo watu walipunguziwa chumvi na kupimwa, yameonyesha kwamba damu hushuka. Shirika la Afya Ulimwenguni lashauri kwamba mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa chumvi yote: ya sufuriani, ya mezani, na ile iliyofichwa ndani ya mkate na vyakula vya dukani.

NG'OMBE WOTE HUPITA JOSHONI

Kutokana na mambo hayo Rose alifundisha njia mbili za kuzuia ugonjwa. Njia ya kwanza ni kuwatafuta wale walio katika hatari kubwa na kuwapa dawa. Njia hii ni ya lazima, naye hakuikataa. Njia ya pili ni kuushusha umati mzima kidogo kidogo, hata wale wasiojiona kuwa wagonjwa.

Mfugaji ajuaye kazi yake ataelewa upesi. Kupe wa ndigana kali wanapoingia katika kundi, mfugaji hamchagui ng'ombe mmoja aliyekonda akampeleka joshoni peke yake. Hupeleka kundi zima. Ng'ombe mmoja mmoja hafaidiki sana kwa siku moja ya josho. Lakini kundi laokoka.

Tena Rose alionyesha jambo ambalo huwashangaza watu. Vifo vingi havitoki kwa wale wachache wenye hatari kubwa, bali kwa wale wengi wenye hatari ndogo. Chukua mfano wa kufikiriwa tu. Katika mtaa wa watu 1,000, watu 100 wana damu ya juu sana, na 10 katika hao watapata kiharusi. Watu 900 waliobaki wana damu iliyopanda kidogo, na katika kila mia watatu tu watapatwa. Lakini watatu mara tisa ni 27. Basi daktari akiwatunza vizuri wale 100 na kuwaacha wale 900, wengi watakaopooza watatoka katika kundi aliloliacha. Haba na haba hujaza kibaba, na hatari ndogo za watu wengi hujaza wodi.

Liko tatizo hapa, na Rose hakulificha. Mtu akiambiwa apunguze chumvi, pengine yeye mwenyewe hataona faida kwa macho yake. Hakuna ajuaye ni kiharusi cha nani kilichozuiwa. Jambo liletalo faida kubwa kwa taifa laweza kuleta faida ndogo tu kwa mtu mmoja. Ndiyo sababu alisema kwamba kazi hii haiwezi kutupwa juu ya mabega ya mwananchi peke yake. Wenye kuoka mikate, wenye viwanda vya vyakula na wenye kutunga sheria wana sehemu yao. Katika Uingereza, viwanda vilipoanza kupunguza chumvi pole pole katika mikate na vyakula vingine, ulaji wa chumvi ulishuka kutoka gramu 9.5 kwa siku mwaka 2001 hadi gramu 8.1 mwaka 2011. Mabadiliko yalikuwa ya pole pole, na ulimi ulizoea.

KENYA YA SASA

Maneno ya Daktari Donnison ya 1929 hayawezi kusemwa tena. Uchunguzi wa Serikali ya Kenya wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya kila wanne alikuwa na shinikizo kubwa la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajapata kupimwa hata mara moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza kwamba duniani kote watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na ugonjwa huu, na karibu nusu yao hawakujua.

Basi yako mambo ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya. Chumvi itiwe mara moja tu, wakati wa kupika, wala kikopo cha chumvi kisiwekwe mezani. Viungo vya kupikia vinavyouzwa dukani vingi vina chumvi ndani yake. Ukivitia, punguza chumvi ya kawaida. Mboga, maharagwe, ndizi na matunda ya shamba yasiuzwe yote sokoni huku watoto wakinunuliwa vyakula vya pakiti. Sigara iachwe, na pombe ipunguzwe. Karani anayekaa kutwa nzima atembee kwa miguu kila siku.

Kila mtu mzima apimwe damu. Anayepimwa akae kimya dakika 5 kwanza, mkono ukiwa sawa na kimo cha moyo, wala asiwe ametoka kuvuta sigara au kunywa kahawa. Hesabu moja haitoshi. Sharti irudiwe siku nyingine. Naye aliyepewa dawa asiiache kwa sababu anajisikia vizuri. Dawa hii haifanani na dawa ya malaria, ambayo humezwa siku chache ikaisha. Huyu adui hasikiki, kwa hiyo kutosikia maumivu si dalili ya kupona.

SAA YA HATARI

Hata hivyo, kinga ikishindwa, dakika zina thamani. Mtu akipinda mdomo upande mmoja, akashindwa kuinua mkono, au maneno yake yakivurugika kwa ghafula, hicho ni kiharusi. Tazama saa ilipoanza, na uikumbuke, maana daktari ataiuliza. Mgonjwa apelekwe hospitali kubwa mara moja. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda katika ubongo, lakini yapasa itolewe kabla ya saa nne na nusu kupita tangu dalili zilipoanza, baada ya ubongo kupigwa picha. Viharusi vingine hutokana na mshipa uliopasuka, na kwa hao dawa hiyo ni sumu. Kwa sababu hiyo nyumbani asipewe aspirini, wala chakula, wala maji, kwa kuwa aweza kupaliwa. Akiwa hana fahamu lakini anapumua, alazwe kwa ubavu.

Mtu akipata maumivu mazito kifuani yanayokwenda mkononi au taya, huku akitokwa na jasho, akalishwe na kutulizwa, asitembezwe, na apelekwe hospitali bila ya kukawia. Akianguka na kuacha kupumua, mwenziwe aweke viganja viwili katikati ya kifua na kukandamiza kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Njia hiyo ilitangazwa mwaka 1960 na Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker wa Baltimore, Marekani, nayo haihitaji chombo cho chote ila mikono ya mtu aliyekwisha kufundishwa.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hospitali hujenga kuta zilizokwisha kuanguka, tena kwa gharama kubwa. Kazi ya Geoffrey Rose ilikuwa kuonyesha ya kuwa nyufa zimo katika nyumba nyingi kuliko tulivyodhani, na kwamba nyingi kati yake zaweza kuzibwa mapema, jikoni, kwa kijiko kidogo cha chumvi kilichorudishwa koponi.